Klabu ya roboti shuleni Arusha: tepu nyeusi, jua la alasiri, na kwa nini watoto wasome namba kabla ya kuandika programu

Themi Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naandika kwa walimu wenzangu, hasa wa sekondari za kata, na kwa mzazi yeyote ambaye mtoto wake amerudi nyumbani akisema anataka kutengeneza roboti.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, shule yetu iko pembezoni mwa mji wa Arusha. Huu ni mwaka wa pili tuna klabu, kila Ijumaa baada ya vipindi. Wanafunzi 24 wa kidato cha pili na cha tatu, roboti 5. Kila roboti ni kipande cha plaiwudi, mota 2 za njano zenye gia, kigurudumu kimoja cha mbele kinachogeuka kila upande, bodi ya Arduino Uno ya nakala (kompyuta ndogo inayobeba programu), bodi ya kuendeshea mota ya L298N, na vihisi. Laptopu ziko 2, moja ni yangu.

Mwaka wa kwanza nilifundisha vibaya, na hilo ndilo lililonileta jamvini. Nilipakua programu ya kufuata mstari, nikaiingiza kwenye bodi zote 5, roboti zikatembea juu ya tepu nyeusi, watoto wakapiga makofi. Nikajiona nimefundisha. Wiki tatu baadaye wazazi walikuja kutazama. Ilikuwa inakaribia saa kumi, na darasa lile lina madirisha upande wa magharibi. Roboti zote 5 ziliacha mstari kabla ya kumaliza nusu mita, moja ikawa inajizungusha palepale. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyejua aanze kutafuta kosa wapi. Binti mmoja wa kidato cha pili akaniuliza mbele ya wazazi, "Mwalimu, imesahau?"

Nililala na swali lile siku kadhaa. Kama mtoto amekaa na roboti wiki tatu na bado anadhani ina kumbukumbu ya mstari, basi mimi sijamwambia inaona nini.

Haioni mstari. Kihisi chetu kina taa inayotoa mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni, na pembeni yake kuna jicho linalopokea mwanga uliorudi kutoka chini. Karatasi nyeupe inarudisha mwingi, tepu nyeusi inaumeza. Uno inapima volti 0 hadi 5 kwa hatua 1024, kwa hiyo mwisho wa yote inachopata ni namba kati ya 0 na 1023. Basi. Kwa jinsi tulivyounganisha sisi, mwanga mwingi ni namba ndogo, mwanga kidogo ni namba kubwa. Sasa jua nalo linamwaga infraredi kwa wingi. Lilipoingia dirishani likapiga sakafu, jicho likajaa mwanga ambao haukutoka kwenye taa yake, na tepu nyeusi ikasomeka kama karatasi nyeupe. Roboti zilitii programu sawasawa. Namba ndizo zilizobadilika, na hakuna aliyekuwa anaziangalia.

Mwaka huu nimegeuza mpangilio. Wiki 4 za kwanza hakuna gurudumu linalozunguka. Kila kundi linapewa kihisi kimoja, nyaya tatu na daftari, wanapokezana laptopu, na kazi yao ni kupima: karatasi, tepu, sakafu ya sementi, sweta ya shule, jani la mgomba, kiganja cha mkono. Wanaandika namba. Wanainua kihisi milimita 3, kisha 10, wanaandika tena.

Jambo lililowashtua, na mimi pia, ni hili. Kundi moja halikuwa na tepu, likachora mstari kwa kalamu nene ya wino mweusi. Kwa macho ulikuwa mweusi tii. Kihisi kikasoma karibu sawa na karatasi tupu. Walibadilisha kihisi, wakabadilisha waya, hali ikawa ileile. Kumbe wino wa aina nyingi za kalamu ni rangi inayopitisha infraredi, mwanga unapenya mpaka kwenye karatasi na kurudi. Weusi wa kaboni ndio unaoumeza. Kijana mmoja akaenda jikoni kwa mpishi, akarudi na kipande cha mkaa, akachora. Namba ikaruka kutoka 110 mpaka zaidi ya 700. Darasa zima lilisimama.

Kuanzia siku hiyo hawakuniuliza tena "hii ni nyeusi?" Wanauliza "hii inasoma ngapi?"

Nawasilisha. Mwenye uzoefu aongeze, mwenye swali aulize.

Fundi Kaloleni

Mwalimu, umesema kitu kikubwa. Mimi natengeneza redio na amplifaya miaka mingi hapa Kaloleni, na kila muhula naletewa roboti za wanafunzi "zilizokufa". Nyingi hazijafa. Tatizo ni betri.

Walimu wananunua ile betri ya mraba ya volti 9 kwa sababu inaonekana ina volti nyingi. Ile imetengenezwa kwa vitu vinavyokula umeme kidogo. Mota mbili zinapoanza kuzunguka zinavuta mkondo mkubwa kwa ghafla, volti inaporomoka, bodi inazimika na kuwaka upya. Mwanafunzi anaona roboti inashtuka, inasimama, inashtuka tena. Anadhani programu ina kosa, anaiandika upya siku nzima.

Pili, hiyo L298N yenyewe inakula karibu volti 2 njiani. Ukiipa volti 6, mota inapata 4 na ushee. Wekeni seli mbili za lithiamu za 18650 (zile za duara za kuchaji) zilizopangwa kwa mfululizo, hapo mnapata kama 7.4. Lakini angalizo kwa wale wanaozitoa kwenye betri kuukuu za laptopu: seli ya lithiamu iliyotobolewa au iliyogusanishwa chanya na hasi inaweza kuwaka moto. Watoto wasizifungue. Apewe mtu anayejua, azipime moja moja kwa mita, aweke na bodi ya ulinzi.

Na tatu, waya hasi wa betri ya mota na ule wa Arduino LAZIMA wakutane. Nusu ya "roboti zilizokufa" nimezifufua kwa kipande cha waya chenye urefu wa kidole.

Themi Juu

Fundi, ubarikiwe. Hilo la kuzimika na kuwaka tulihangaika nalo wiki mbili. Sasa tumeweka kanuni: roboti ikileta shida, kabla hujagusa programu, mita kwanza. Pima volti mota zikiwa zimesimama, kisha pima zikizunguka.

Kiborloni Asubuhi

Salamu kutoka Moshi. Mwalimu Themi Juu, shule yangu iko huku upande wa mlimani na haina laptopu hata moja ya wanafunzi. Naomba nieleze tunavyofanya, pengine itamsaidia mwingine.

Tunatandika kamba ya katani uwanjani, yenye kona. Mwanafunzi mmoja anafungwa kitambaa machoni, huyo ndiye mota. Wawili wanatembea nyuma yake, mmoja kushoto mmoja kulia, hao ni vihisi. Wao hawaruhusiwi kusema neno. Kihisi cha kushoto akiona kamba iko upande wake anagusa bega la kushoto, wa kulia vivyo hivyo. Kabla ya kuanza, kundi linaandika amri zake kwenye karatasi: bega la kushoto likiguswa, geuka kushoto hatua moja, yakiguswa yote mawili, simama, yasipoguswa, songa mbele.

Mara ya kwanza kila kundi linaanguka kwenye kona, kwa sababu waliandika "geuka kushoto" bila kusema kiasi gani. Mmoja anageuka robo duara, anaipita kamba, anarudi, anaipita tena. Hapo ndipo wanagundua wenyewe kwamba amri isiyo na kipimo ni amri nusu. Siku nilipoazima laptopu kwa jamaa yangu, programu waliyoiandika ilikuwa ni ile karatasi, mstari kwa mstari.

Wazo hili si geni. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria mwaka 1928, alikuwa mmoja wa waliobuni lugha ya programu ya Logo mwaka 1967, ambayo baadaye iliendesha kasa wa roboti sakafuni. Alisisitiza kwamba mtoto akikwama, asimame na kutembea mwenyewe kama yule kasa, mwili wake umwambie kosa liko wapi. Mtu wa kusini mwa Afrika hii hii yetu. Walimu wengi hatumtaji.

Mama wa Njiro

Walimu shikamooni. Mimi ni mzazi. Binti yangu yuko klabu kama hiyo kwenye shule nyingine. Mwezi wa kwanza alirudi na furaha, sasa amenyamaza. Nilipombana akasema wavulana wawili ndio wanashika laptopu, yeye kazi yake ni kukata tepu. Mnafanyaje?

Themi Juu

Marahaba dada yangu, na asante kwa kuuliza. Jambo hili lilikuwepo kwangu pia na sikuliona mpaka nilipokaa nyuma ya darasa nikahesabu nani anagusa nini.

Tuna kengele ya dakika 15. Ikilia, kazi zinahama: anayeandika programu, anayesoma namba, anayeshika roboti na nyaya, anayeandika daftari. Hakuna anayebaki alipokuwa. Na kuna kanuni ya pili, ambayo naiona ina nguvu kuliko kengele: anayeshika kibodi haruhusiwi kutoa wazo, anaandika anachoambiwa na wenzake. Yule mvulana anayejua sana anapoondolewa kwenye kibodi inabidi aeleze kwa maneno, na mwenzake anauliza "kwa nini?" Mueleze mwalimu wa klabu hiyo kwa upole, ajaribu Ijumaa mbili tu.

Ukweli Usemwe

Samahani mwalimu, naheshimu juhudi zako, lakini nitauliza wanachokiwaza wengi. Shule za kata zina upungufu wa madawati, maabara nyingine hazina hata mizani. Mtihani wa taifa hauulizi roboti. Hii si anasa ya watoto wachache 24, wengine mia kadhaa wakibaki wanachungulia dirishani?

Themi Juu

Mkuu, swali lako ni la haki na silikwepi. Nitakujibu kwa somo moja tu.

Mwangwi. Miaka yote nimefundisha mwangwi kwa ubao: mtu amesimama mbele ya jabali, amepiga kelele, tafuta umbali. Watoto wanakariri kanuni, wanasahau kugawanya kwa mbili, wanakosa alama. Mwaka huu nilichukua kihisi kimoja cha sauti, HC-SR04, kutoka klabu, nikaingia nacho kwenye darasa la wanafunzi zaidi ya 50. Kinatoa mlio wa mawimbi elfu 40 kwa sekunde, sikio la mtu halisikii, kisha kinangoja urudi. Tulikiweka mita 1 kutoka ukutani. Kikatoa muda wa kama maikrosekunde 5,900. Wakapiga hesabu, wakapata kasi karibu nusu ya ile ya kitabuni. Kelele darasani! Mpaka msichana wa nyuma akasema, "Sauti imekwenda na kurudi, ni mita 2." Wakarudia hesabu, ikakaa karibu na 340 kwa sekunde. Naamini darasa lile halitasahau tena kugawanya kwa mbili, na kihisi kilikuwa kimoja.

Ikaendelea. Ilikuwa Julai, na unajua Arusha ya Julai asubuhi, watoto wamejikunyata ndani ya sweta. Klabu walipima ukuta uleule wa mita 1 saa moja na nusu asubuhi, wakapata sentimita 101 na ushee. Siku ya joto baadaye, wakapata 98 na ushee. Ukuta haujasogea. Ni kwamba programu ilishikilia kasi ya 343, ambayo ni ya hewa ya nyuzi 20, wakati sauti inakwenda polepole kwenye baridi na haraka kwenye joto, takribani mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja. Hiyo ni fizikia ya mtihani kabisa.

Kuhusu gharama: tulianza na roboti moja, watoto na baadhi ya walimu tukichangishana, na vifaa havitoki klabuni peke yake, vinaingia darasani kama nilivyoeleza. Mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umefungua mkondo wa amali. Lakini hata bila huo, dawati na roboti havigombani. Ningekuwa na uwezo ningeomba vyote viwili kwa sauti ileile.

Ukweli Usemwe

Hilo la mwangwi limenigusa, mkuu. Nilikosa swali hilohilo nikiwa kidato cha nne.

Binti Rau

Mwalimu, hiyo HC-SR04 wanafunzi wetu waliipenda mpaka roboti ilipowagonga. Iliona ukuta, ikaona ndoo, haikumwona mtoto aliyevaa sweta nzito. Sufi na blanketi vinakunywa sauti, mwangwi hauna nguvu ya kurudi. Na ukuta ukiwa wa mshazari, sauti inaruka kwenda kwingine. Kwa hiyo kama programu inasema "nisiposikia kitu, njia ni nyeupe", roboti itaparamia. Tuliwafundisha waongeze amri ya tahadhari: usiposikia chochote, punguza mwendo.

Pia msisahau kwamba chini ya sentimita 2 haisomi vizuri.

Swali langu: roboti zetu zinafuata mstari lakini zinayumba sana, kama bajaji iliyolegea usukani. Tunatumia "kama nyeusi geuka huku, kama nyeupe geuka kule". Tufanyeje?

Themi Juu

Dada, hapo ndipo namba mlizopima zinalipa. Kama kihisi kinawapa namba, kwa nini mnaitupa na kubakiza ndiyo na hapana?

Sisi tunatumia kihisi kimoja, na roboti haifuati katikati ya mstari, inafuata ukingo, mstari ukiwa kulia kwake. Kwetu nyeupe ni kama 100, tepu ni kama 700, kwa hiyo ukingoni ni 400. Hiyo 400 ndiyo shabaha. Tuseme kihisi kimesoma 520. Tofauti ni 120, maana yake roboti imeingia ndani ya weusi. Zidisha tofauti kwa 0.3, unapata 36. Mwendo wa kawaida wa kila mota tumeuweka 120, mwisho wake ukiwa 255. Ya kushoto punguza 36, inakuwa 84. Ya kulia ongeza 36, inakuwa 156. Roboti inarudi kushoto taratibu. Ikiwa imepotoka kidogo inajirekebisha kidogo, ikipotoka sana inajirekebisha sana.

Hiyo 0.3 msiwape. Waacheni waitafute. Wakiweka 1 roboti inatapatapa, wakiweka 0.05 inatoka kwenye kona kwa uvivu. Kundi moja lilijaza kurasa mbili za majaribio, na nilifurahia kurasa zile kuliko roboti yenyewe. Ila angalieni mota zenu zinaanza kuzunguka kwenye namba gani. Zetu zikipewa chini ya 70 zinavuma tu bila kwenda.

Fundi Kaloleni

Naongeza kwa wasio na Arduino kabisa. Mwaka 1948 na 1949 huko Bristol, Uingereza, William Grey Walter alitengeneza roboti mbili alizoziita Elmer na Elsie. Zilifuata mwanga, kila moja ikiwa na valvu mbili za redio, hakuna kompyuta. Nami nimemwonyesha kijana wangu wa karakana: vihisi viwili vya mwanga, transista mbili, mota mbili kutoka kwenye deki mbovu. Kihisi cha kushoto kinaendesha mota ya kulia, cha kulia kinaendesha ya kushoto. Ukiwasha tochi, kinakufuata. Ukinyoosha nyaya, kila kihisi kiendeshe mota ya upande wake, kinakukimbia. Kubadilisha nyaya mbili tu, tabia inageuka. Mwalimu, waoneshe hilo siku moja kabla ya programu.

Themi Juu

Fundi, nitakuja na watoto Kaloleni. Naomba siku.

Kiborloni Asubuhi

Mwalimu, hukutumalizia. Mwaka huu wazazi wamekuja? Jua mlilifanyaje?

Themi Juu

Walikuja mwezi uliopita. Darasa lilelile, saa ileile, nami sikufunga mapazia.

Maandalizi yalikuwa mawili. La kwanza ni sketi ya kadibodi kuzunguka kihisi, inayokaribia kugusa sakafu. La pili waliligundua kwa kuhangaika: taa ya kihisi wakaiunganisha kwenye pini ya Arduino badala ya kuiacha inawaka muda wote. Roboti inasoma taa ikiwa imezimwa, inasoma tena ikiwa imewashwa, inatoa moja kwa nyingine. Kinachobaki ni mwanga wa taa yake, wa jua umeondoka kwenye hesabu. Lakini jua likipiga jicho moja kwa moja, jicho linajaa kabisa na namba zote mbili zinakuwa sawa, ukitoa unapata sifuri. Ndiyo maana sketi haikwepeki.

Roboti ya kwanza iliposita kwenye kipande chenye jua, yule binti wa "imesahau?", sasa kidato cha tatu, aliomba dakika mbili. Akaiunganisha na laptopu, akaandika ubaoni namba za kivulini na namba za juani, akawaonyesha wazazi kwamba sketi imeinuka upande mmoja. Akaibana kwa tepu. Ikapita. Mzee mmoja aliyekaa mbele aliinuka akaenda kusoma zile namba ubaoni kwa karibu.

Roboti 4 zilimaliza mzunguko. Ya tano ilikatika waya wa mota, tukauchomea Jumatatu.

Kiborloni Asubuhi

Mwalimu, Mungu akubariki. Hapa kwetu tepu nyeusi inaisha haraka. Ule mkaa haufutiki wakikanyaga?

Themi Juu

Unafutika ukichora mkavu. Saga mkaa uwe unga laini, chekecha kwa kitambaa, changanya na uji mzito wa unga wa ngano, paka kwa brashi juu ya karatasi ya manila, anika usiku mmoja. Upana uwe kama wa vidole viwili, na pima namba sehemu kadhaa kabla ya kuweka roboti, maana palipopakwa kwa wepesi panasoma tofauti.